Kopo la Mama Sifa

Paluku papa,

Kama umeikuta barua hii, basi gari bado halijafika Rutshuru na wewe umeshafungua mfuko wa mandazi, ingawa asubuhi utakuwa umeapa mbele yangu kwamba huna njaa. Nakujua. Ningeiweka ndani ya Biblia, ingefika Uganda bila kuguswa. Nimeiweka chini ya chakula kwa sababu nataka uisome kabla ya mpaka wa Bunagana, si baada ya Bunagana.

Unajua kwa nini. Juzi ulisimama nyuma ya tanki la maji, simu sikioni, ukadhani mama yako akiinama kuchagua maharagi na masikio yake yanainama. Nilikusikia. "Mama analipa nauli, mimi nashuka Bunagana, nageuka, nakuja kwako. Asijue kitu." Na yule rafiki yako Janvier upande wa pili akacheka kicheko chake kile kinachotoka nje ya simu. Basi, kitu nimekijua. Sikukuuliza, kwa sababu kijana wa umri wako ukimuuliza atakujibu, na akishajibu atajiona amefungwa na jibu lake. Nimeona afadhali niandike. Karatasi haibishani na mtu.

Ninaandika kungali na mwanga. Umeenda mtaa wa Murara kuaga watu, na umeme wa hapa kwetu Mapendo unaijua tabia yake. Sitakuandikia habari ya koti, wala dawa, wala nani wa kumpigia ukifika. Hayo nimeyasema mpaka umeyachoka, na usipotaka kuyafuata hutayafuata hata nikiyaimba. Nakuandikia jambo moja tu. Unaona haya kuwa mukimbizi.

Ulilisema Jumapili mezani. "Mama, mi mutoto wa Mama Matabishi, nikapange mustari na bakuli mukononi? Watu wa Goma wakiniona?" Nilikumegea bugali, ukadhani nimekosa jibu. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu na bugali ilikuwa inapoa.

Halafu akaja Janvier mwenyewe, na buti zake mpya. Alinisalimia kwa heshima zote, "Jambo sana, Mama Paluku," nikampa kiti, akakataa. Vijana wa buti na bunduki siku hizi hawakai. Mlisimama getini, na mimi nilikuwa jikoni, na jiko letu ukuta wake ni mbao, kwa hiyo ni kama nilikuwa nimesimama katikati yenu.

"We mutoto ya boss," alikwambia, "unaenda kuomba unga kwa Waganda? Kwetu kule juu milimani hakuna kupanga mustari. Huku mutu anakamata."

Na wewe, papa, ulicheka. Kile kicheko chako ndicho kilichoninyima usingizi, si maneno ya Janvier. Janvier nilimfahamu tangu alipokuwa akiiba maembe ya padri, na hata maembe alikuwa anamtuma mwenzake apande.

Basi sikiliza. Wewe unasema hujawahi kula chakula cha mukimbizi, na mtoto wa mtu kama mimi hawezi kuanza leo. Ulikila kabla ya kuzaliwa.

Mlima wa volkeno uliposhuka na moto wake mjini, depo yangu ya kwanza ya kuuzia maharagi ilikuwa njiani pake. Maharagi ya watu wa Masisi, maharagi ya Rutshuru, mahindi, yote yaliiva siku hiyo, na hakuna aliyeyala. Mimi nilikuwa na tumbo lako. Tulivuka mpaka na umati, baba yako na godoro kichwani, mimi na sufuria, tukalala Gisenyi, upande wa Rwanda, chini ya mabati ya watu. Kesho yake zikaja gari za msaada, na watu wakapanga mustari. Niliuangalia ule mustari. Nikaona wateja wangu ndani yake, mama niliowauzia kwa magunia, wengine walikuwa wananiogopa. Nikasema mimi siingii pale. Mimi ni mama wa depo. Nitangoja mtu ninayemjua apite.

Baba yako hakubishana. Unamkumbuka, Mungu amlaze pema, alikuwa na kipaji cha kutobishana. Alichukua kikwembe changu cha kujifunga kiunoni, akakitumia kama mfuko, akaenda kusimama kati ya wanawake. Wakamcheka. "Eh, papa, bibi yako amekufa?" Akawajibu, "Hapana, yuko pale, ana kichwa kigumu." Wakacheka tena, wakamsogeza mbele. Alirudi na unga, na mafuta kidogo ndani ya chupa. Mimi niliula ule unga nikiwa nimewapa watu mgongo, ili wasione. Watu wote walinijua. Walinijua hata kwa mgongo.

Wewe ulizaliwa na ule unga. Mifupa unayotaka kuipeleka kwa Janvier ilianzia kwenye kikwembe cha mustari. Ndiyo maana sipendi unavyolitaja jina langu ukiwa umenyoosha shingo. Hulijui jina lenyewe. Unajua nusu yake, na nusu nyingine nimekuficha, kwa kuwa nusu ya kwanza ilikuwa inakupendeza sana.

Matabishi tunayajua wote hapa. Ukinunua, muuzaji anakuongezea kidogo juu. Mwenye kuuza bila matabishi ni mgeni au ni mwizi. Mimi sikusoma, herufi zangu za kwanza nilizitoa kwenye magunia, na mpaka leo nikiandika "Made" mkono unataka kuendelea "in". Lakini kabla sijajua kusoma nilishajua kujaza kopo. Unalizamisha katika gunia, unalinyanyua, halafu unaweka kwa mkono juu yake mpaka maharagi yasimame kama kichwa cha mtu. Mnunuzi anatandaza kikwembe chini ya kopo. Yanayomwagika ni yake. Hapo ndipo anapotabasamu, na akitabasamu hatakwenda depo nyingine. Kukata kopo, yaani kupangusa juu yake kwa kijiti libaki sawa na mdomo, hilo ni tusi. Tunamkatia kopo mtu aliyetutukana.

Kwa kichwa kile cha maharagi nilijenga depo ya pili juu ya mawe ya moto uliozimika. Kwa kichwa kile wamama wa maharagi waliniweka prezida wao. Sitakudanganya kwamba niliyapata yote kwa tabasamu. Vita ikifunga barabara ya Masisi, mwenye maharagi ndani ya depo anakuwa mtu wa maana sana. Jumapili niliomba amani pamoja na parokia nzima, Jumatatu niliuliza bei imepanda mpaka wapi. Sala zangu Mungu alizijibu mara nyingi, lakini zile za Jumatatu.

Labda ndiyo sababu nilijitolea. Watu wanasema roho nzuri. Roho nzuri ilikuwapo, sikatai, lakini alikuwapo pia mtu aliyeshiba kwa miaka ya watu kukimbia, anayetaka kulala. Watu waliokimbia vita walipojaa kambi ya Kanyaruchinya, hema juu ya mawe, mvua ndani ya hema, shirika moja lilitafuta wenyeji wa kusimamia ugawaji. Nikajitoa. Wewe ulikuwa unamaliza shule, na ulijivuna.

Walituletea kijana wa kutufundisha. Kijana mpole, amevaa gile, kizibao chenye mifuko mingi na hakuna kitu ndani ya mifuko. Alileta makopo mapya, na pamoja na kila kopo kijiti.

"Mama, kila familia kopo zake, na kila kopo unapangusa hivi," akasema, akapangusa. "Tumepiga hesabu ya kopo ya kukata. Ukijaza zaidi, haitafika mwisho."

Nilimwangalia. Nikawaangalia wamama wenzangu wa komite. "Monsieur," nikamwambia, "hawa watu nyumba zao zimeungua, ng'ombe wao wamechinjwa mbele ya macho yao, na wewe unataka nikawatukane na kijiti?"

Wamama walipiga makofi. Yule kijana akawa mwekundu, akasema, "Ni hesabu tu, mama." Nikachukua kijiti chake, nikachokonolea meno. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ulikuwapo, Paluku, ulikuwa umekuja na gari la magunia, na wewe ulicheka. Hilo unalikumbuka. Unalisimulia mpaka leo.

Tukagawa. Nilijaza makopo kama siku ya soko. Wamama wa mbele waliponiona nakijenga kichwa juu ya kopo hawakuamini. Kisha mmoja akatandaza kikwembe chini, kwa mazoea ya mkono, na maharagi yakamwagika, naye akatabasamu. Nakwambia ukweli, sijawahi kuuza kitu maishani mwangu kwa furaha ile. "Mama Matabishi!" wakapiga kelele. "Mama Matabishi amekuja!" Hapo ndipo jina lilipozaliwa, na hapo ndipo picha ilipopigwa, ile iliyoko kwenye simu yako, mimi na kopo lililojaa na meno yote nje.

Picha ilipigwa asubuhi. Jioni hakuna aliyepiga picha.

Sasa nikwambie kosa, na uone lilivyo la kijinga. Si wizi. Wizi ungekuwa na faida kwa mtu. Ni kwamba mimi maisha yangu yote nimepima maharagi nikiwa na depo nyuma ya mgongo. Gunia likiisha unaita, "Leta lingine!" na lingine linakuja. Mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo. Haukujua kupima kitu ambacho nyuma yake hakuna kitu. Mchana nikaita, "Leta lingine!" na mbebaji akanijibu, "Mama, ni hili la mwisho." Nikainua macho. Mustari ulikuwa bado unapinda nyuma ya mahema.

Waliokuwa nyuma ni waliofika mwisho. Wa milima ya Masisi, walioingia kambini siku zile zile na matope ya njia bado miguuni. Wa mbele walikuwa watu wa barabara ya Rutshuru, waliotangulia. Hakuna mtu aliyewapanga kwa kabila, papa. Vita ndiyo iliyowapanga, kila mtu kwa siku aliyochomewa. Lakini nani atakusikiliza ukisema hivyo huku umeshika kopo tupu?

"Munande amewapa watu wake!" mtu akapiga kelele. Watu wangu! Mbele pale hakukuwa na Munande mwenzangu hata mmoja wa kunijibu salamu yetu ya "wavukire." Mawe yakaanza kuruka. Yule kijana wa gile akatuingiza ndani ya gari. Aliangalia tu mkono wangu, na kijiti kilikuwa bado mkononi.

Kabla mlango haujafungwa, mwanamke mmoja alifika dirishani. Hakurusha jiwe. Alikuwa na kikwembe chake bado amekitandaza mikononi, kitupu, kama mtu anayengoja mvua.

"Mama," akaniambia polepole, "ile matabishi uliwapa wale ilikuwa kopo yangu."

Nimesikia hotuba nyingi, Paluku. Magavana, maaskofu, watu wa mazungumzo ya amani wanaolala hoteli za kando ya ziwa. Hakuna aliyewahi kunieleza kazi yangu kwa ufupi namna ile.

Huyo alikuwa Mama Sifa. Jina nililijua baadaye, na nililijua kwa njia mbaya. Ugawaji uliofuata ulichelewa kwa sababu barabara ilifungwa tena. Binti yake, Sifa mwenyewe, alikuwa na watoto wawili wadogo. Alipanda na mwenzake upande wa msitu kutafuta kuni za kubadilisha na maharagi kwa wale waliokuwa nayo. Kwa wale wa mbele, unaelewa? Kwenda kununua kichwa cha kopo lake mwenyewe. Mwenzake alirudi. Sifa hakurudi. Yule mwenzake alisema walikutana na vijana wa bunduki, na watu kambini walipomuuliza ni wa upande gani, akasema hawakujitambulisha, ila walikuwa na buti mpya, na mmoja alikuwa akicheka.

Mpaka leo mama yake anaitwa Mama Sifa. Hatuna namna ya kumwita tena jina lingine.

Mwezi ule ule watu wa shirika walinifanyia sherehe. Sijui kama unakumbuka ulivyovaa shati jeupe. Wakanipa kikwembe, maua ya plastiki na cheti ndani ya kioo, "kwa moyo wa kujitolea." Nilipokea. Ningesema nini, na watu wamekodi viti? Nilirudi Kanyaruchinya, na tangu siku hiyo nilikata kila kopo kwa kijiti, kila moja, mpaka kambi ikavunjwa. Watu wakasema cheti kimenipanda kichwani, Mama Matabishi siku hizi anabania. Wamama wenzangu wakanionea haya. Lakini mustari ulifika mwisho. Na wale wa mwisho, walipopokea makopo yao yaliyokatwa, hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Walipokea na kuondoka. Nikaelewa kwamba lile tabasamu la asubuhi ile nilikuwa nimelinunua kwa mali ya watu.

Kisha nikastaafu. Neno kubwa. Mfanyabiashara wa Goma hastaafu, anastaafishwa. Mji ulipotekwa ukapata wenyewe wapya, depo ilivunjwa mlango, na hata mbao za rafu zilikwenda. Kitu kimoja kilibaki ukutani, cheti. Hata mwizi anajua kisicholiwa. Ndicho kile kinachoziba ufa wa sebuleni, nawe umekuwa ukidhani nimekitundika kwa fahari.

Nakuandikia haya yote si kwa sababu nataka unihurumie. Nakuandikia kwa sababu Janvier amekwambia kule juu hakuna mustari, na wewe umeamini. Papa, mustari uko kila mahali. Wanaosema kwao haupo ni wale wanaochukua kutoka mbele bila kugeuka. Mimi nilichukua nikicheka, watu wakanipigia makofi. Janvier anachukua akicheka, watu wanakimbia. Siwezi kukwambia tofauti yetu ni ndogo, sikubali kujitukana kiasi hicho. Lakini aliyekosa kopo ni mtu yule yule, na wale waliomkuta binti yake msituni nao walikuwa watoto wa watu, huenda nao walilipiwa nauli kwenda mahali pengine wakashuka njiani.

Sasa sikia habari ya mwisho, na hii huijui kabisa.

Juma lililopita nilikwenda parokiani. Unajua uwanja ulivyojaa tangu watu walipoambiwa wabomoe mahema warudi kwao, kana kwamba kwao kuko. Chini ya mabati ya jiko la parokia nilimwona mwanamke anakatakata majani ya sombe ya watu ili apewe iliyobaki. Nilimjua kwa mikono. Nikataka kupita. Ndiyo, nikataka kupita, miguu yangu ilikuwa imeshageuka.

"Mama Matabishi," akaniita bila kuinua macho.

"Mama Sifa. Uko wapi siku hizi?"

"Niko hapa, si unaniona?"

"Na watoto?"

Akanionyesha kwa kidevu. Walikuwa wawili, wamelala juu ya gunia. Gunia lilikuwa na maandishi, nikayasoma kwa mazoea. Ulikuwa mzigo wa depo ya mtu niliyekuwa nikishindana naye. Hata hapo roho yangu ya biashara ilipata kidonda kidogo. Hivyo ndivyo tulivyo.

Nikamwambia, "Kuna chumba kwangu Mapendo. Mutoto wangu anasafiri."

Akaacha kukata. "Unanipatia matabishi?"

"Hapana," nikasema. "Ni kitanda kimoja, na nyinyi watatu. Kopo ya kukata."

Akaniinulia macho. Sikuona msamaha katika uso ule, Paluku, na usije ukasimulia watu kwamba niliuona. Niliona mwanamke anayepima chumba.

"Na blanketi?" akauliza.

"Iko."

"Mutoto wako akirudi?"

Wewe ulikuwa hujapiga ile simu ya nyuma ya tanki, lakini mama anajua. Niliangalia wale watoto juu ya gunia. Nikamjibu, "Harudi. Amepata mustari wake, kule Uganda." Akaitikia kwa kichwa, akashika tena kisu. Hakusema asante. Nami sikungoja.

Basi umeelewa jinsi mambo yalivyo. Ukifika Bunagana ukageuka, hutakuwa umenikimbia mimi. Utarudi hapa ukute watu watatu kitandani kwako, na mimi sitawatoa. Nikimtoa Mama Sifa mara ya pili, hakuna cheti kitakachoziba ufa huo. Utakuwa huna mahali ila kwa Janvier, na kwa Janvier mlango uko wazi siku zote, kama mdomo wa shimo. Usinilaumu kwamba nimekufungia. Nimekufungia, ndiyo. Baba yako angetafuta njia ya upole, lakini baba yako hayupo, na mimi njia ninayoijua ni ya soko. Mali ikishauzwa, hairudi depo.

Kule utasimama. Mtu atakupimia kopo, na atalikata kwa kijiti, na mkono wako utataka kutandaza shati chini ili yakumwagikie mawili matatu. Uzuie. Utaona haya, na hiyo haya utaila pamoja na maharagi, na utaamka ukiwa hai, bila damu ya mtu kwenye viatu. Watu wa Goma wakikuona hapo na kukucheka, waambie mama yako yuko nyumbani, ana kichwa kigumu. Watakusogeza mbele. Ukisogezwa mbele, ukumbuke kugeuka uangalie mustari unaishia wapi nyuma. Mimi sikugeuka mpaka mchana.

Jua linazama sasa, na nasikia geti. Umerudi, unapiga mluzi, maana yake bado una siri na unadhani ni yako. Nitafunga karatasi hii, nikukaangie karanga, nikutukane kidogo kwa kuchelewa, ili usishuku.

Kesho asubuhi nitakwambia neno moja tu, nawe utadhani ni uvivu wa uzee. Nitakwambia amka uende, usitandike kitanda. Sasa unajua. Mama Sifa amesema atakitandika mwenyewe.

Mama yako,
anayebaki na kijiti